Kumfukuza Mvutaji Garini

Jumapili, 4 Agosti

Nimenunua gari! Mimi! Rangi ya chai ya maziwa, milango minne, yote inafunguka. (Mmoja unahitaji kubembelezwa.) Aliyeniuzia ni mpima ardhi mstaafu, mtu mstaarabu sana. Tulizungumza dakika kumi, na katika hizo kumi alivuta sigara tatu. Nikajiambia kazi ya kupima ardhi lazima ina mawazo mengi.

Niandike jambo moja kwa haki. Nina mafua tangu Alhamisi. Na hata nikiwa mzima, miaka kumi na tisa kwenye kaunta ya duka la rangi imeifanya pua yangu ibaki pambo la uso. Kwa hiyo nilipoingia garini sikusikia harufu yoyote. Nikamsifu mpima ardhi kwa kulitunza. Akanitazama kidogo, kisha akanikabidhi ufunguo haraka haraka.

Nimefika nyumbani nikipiga honi. Mke wangu akatoka, akaingiza kichwa dirishani, akakitoa. Akauliza kama kuna mtu aliyeungulia humo. Nikamwambia asianze. Akasema hajaanza, na akianza nitajua.

Kisha akaja binti yangu. Ana miaka kumi na tisa, ana pumu tangu utotoni, na Jumamosi hii anaripoti chuo cha uuguzi, mwendo wa saa nne. Akakaa mbele, akatabasamu, akasema, gari zuri sana hili, Baba. Nikamwashia kiyoyozi apate hewa. Kabla hajafunga mkanda akaanza kukohoa. Alijaribu kukohoa kwa adabu ili nisihuzunike. Haikuwezekana. Akatoka na inhela mdomoni, machozi yanamtoka, mkono mmoja umeinua dole gumba kunionyesha kwamba gari ni zuri.

Hapa niseme ukweli, maana hakuna atakayesoma. Binti huyu alitoka hospitali ya uzazi kwa gari la mdogo wangu. Siku yake ya kwanza shuleni, gari la mdogo wangu. Kila pumu ilipombana tukakimbizana hospitali, gari la mdogo wangu, na mimi kiti cha nyuma nimekumbatia mkoba. Nilimwahidi kwamba chuoni atapelekwa na baba yake, kwa gari la baba yake. Baada ya hapo atakuwa mtu mzima wa kupanda mabasi peke yake. Nataka safari hii moja tu.

Jioni mdogo wangu akapiga simu. Eti alitaka tu nijue kwamba gari langu likiwa na tatizo, lake lipo. Nani kamwambia? Nikamtazama mke wangu. Mke wangu alikuwa anatazama dari.

Siku sita.

Jumatatu, 5 Agosti

Niko mtulivu. Harufu ni sawa na doa ukutani. Kila siku wateja wananijia na kilio hicho hicho: ukuta umepigwa moshi wa jiko, mtoto kachora ng'ombe. Nawaambia wote neno moja. Msisugue. Pakeni. Ukipaka mara mbili, ng'ombe hayupo. Huo ndio msimamo wangu maishani na haujawahi kuniangusha. (Mke wangu angetaja ukuta wa bafuni. Bafuni kulikuwa na unyevu, halikuwa kosa langu.)

Nimenunua vile vikadi vya manukato vya kuning'iniza kwenye kioo cha mbele. Vanila, nazi, msitu, bahari, na kimoja kisichoandikwa kitu. Nimetundika vyote vitano kwa pamoja ili visaidiane.

Saa kumi na moja nikaita familia. Mke wangu akasema yule mvutaji bado yumo, isipokuwa sasa ametoka kunyoa. Binti yangu alisimama hatua mbili kutoka mlangoni. Kisha tatu. Akasema kuna maendeleo.

Mdogo wangu akapita kusalimia. Gari lake jeupe, miaka minne sasa, na viti bado vimevaa plastiki za dukani. Ukikaa vinalia. Akanusa, akanishika bega, akasema pole, Kaka, jaribu kufungua madirisha. Kwa sauti ya upole. Amekuwa mpole tangu azaliwe, na nimevumilia.

Jumanne, 6 Agosti

Mwenzangu wa kaunta tunamwita Profesa kwa sababu kila sentensi yake inaanza na "kitaalamu". Kitaalamu, kasema, siki hula moshi. Nikauliza siki kiasi gani. Kitaalamu, kasema, ya kutosha.

Nikanunua dumu. Mchana nikakimbia nyumbani nikalimimina lote: mazulia, viti, buti, tone la mwisho kwenye usukani. Nikafunga vioo ili siki iendelee kula bila kusumbuliwa. Nikarudi kazini nikipiga mluzi.

Kosa langu lilikuwa jua. Sikulihesabu jua.

Niliporudi nilifungua mlango na nikasikia harufu. Mimi! Katikati ya mafua! Machozi yakanitoka, nikakaa chini kwenye changarawe. Mke wangu alishahamisha nguo zote kutoka kwenye kamba. Akaniuliza sasa nimefanya nini. Nikasema siki inakula. Akasema inaonekana imeshiba na imetapika. Binti yangu hakutoka kabisa. Alinipungia mkono nyuma ya dirisha lililofungwa.

Nimefanya pia jambo dogo ambalo silionei fahari. Nilimpigia mdogo wangu nikamwambia chuo kimesogeza siku ya kuripoti hadi Jumapili. Nilitaka tu Jumamosi asijitokeze na zile plastiki zake. Akanishukuru sana. Nusu saa baadaye akanipigia tena. Amewasiliana na chuo kuhakikisha, na kumbe nimedanganywa, ni Jumamosi ile ile. Tena akaniambia nisijilaumu, watu siku hizi wanapotosha wenzao hovyo. Nikasema ni kweli, hawana hata aibu.

Siku nne. Nimelala kifudifudi.

Jumatano, 7 Agosti

Nimemuua shangazi ili nipate ruhusa kazini. Bosi akauliza kama ni yule aliyefariki mwezi Machi. Nikasema huyu ni dada yake. Akanipa pole, akasema ukoo wetu una mtihani mzito.

Gari nimelipeleka kwa mama mmoja wanayemwita Bi Brashi. Yuko nyuma ya kituo cha mafuta, kwenye uwanja uliozungushiwa mabati. Pale mbele watu wanaosha magari kwa ndoo na kitambaa, dakika ishirini umeondoka. Bi Brashi haoshi, anafumua. Ana brashi za kila ukubwa hadi miswaki ya watoto, zote zimetundikwa ukutani kwa mpangilio. Ni mfupi, hana maneno mengi, na anapokusikiliza anaendelea kufuta mikono ambayo imeshakauka.

Nikamweleza yote. Hakuingia garini. Alichukua kitambaa cheupe chenye maji, akakipitisha mara moja tu kwenye dari juu ya kiti cha dereva. Akanionyesha. Kahawia. Akavuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, akaupangusa. Kahawia. Akauliza hizi harufu nyingine ni za nini. Nikamtajia: vanila, nazi, msitu, bahari, siki, na moja isiyojulikana. Akasema kabla ya kumtoa mvutaji itabidi kwanza anitoe mimi.

Anasema moshi wa sigara hauko hewani. Umeganda kama mafuta kwenye kila kitu: dari, mikanda, sponji za viti, njia za kiyoyozi. Ukiufunika, jua likipiga unatoka tena. Dawa ni kutoa viti, kutoa mazulia, kuosha kipande kwa kipande kwa mkono, kukausha, kuacha wazi. Siku tatu. Nikauliza kama tunaweza kufanya dari tu. Siku tatu. Nikauliza kama hakuna huduma ya mteja mwenye haraka. Akageuka akaanza kusugua gari la mtu mwingine.

Nimekubali. Nalichukua Ijumaa alasiri, usiku mmoja tu kabla ya safari. Ana masharti mawili. La kwanza, gari likitoka kwake halipuliziwi kitu. Chochote. Alilisema mara tatu akinitazama puani. La pili, halitoki mpaka lipite kwa mama mkwe wake.

Mama mkwe anakaa kwenye kiti kando ya mabati, anafuma vitambaa. Gari likikamilika linafungwa vioo, linaachwa juani saa nzima, kisha mama anaingia, anafungiwa, ananusa. Nikauliza kwa nini yeye. Bi Brashi akasema tangu aolewe, mwaka wa kumi na nne huu, mama huyu hajawahi kusifu hata kitu kimoja alichokifanya. Akisema pasafi, basi pamekuwa pasafi. Nikamtazama yule mama. Naye alikuwa ananitazama viatu, na uso wake ulionyesha ameshaamua. Nikaona hoja.

Bi Brashi akanituma kutoa takataka chini ya viti, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama. Vichungi vya sigara kama mbegu shambani. Viberiti vinne. Futi ya kupimia iliyovunjika. Jino la bandia. Jino! Nimelifunga kwenye karatasi safi. Sijui mtu anarudishiwaje jino.

Alhamisi, 8 Agosti. Saa nane mchana

Shangazi anazikwa leo, kwa hiyo nimepata saa mbili. Nimekwenda kuchungulia. Afadhali nisingekwenda.

Gari limebaki mifupa! Viti vimelazwa juu ya meza za mbao, matumbo wazi, kama wagonjwa wanaomsubiri daktari. Mazulia yanachuruzika kwenye kamba. Dari haipo kabisa, nyaya zinaning'inia. Na ndani kabisa Bi Brashi amejikunja, anasugua matundu ya kiyoyozi kwa mswaki, tundu baada ya tundu. Nikauliza kama kweli kesho litakuwa tayari. Akasema litakuwa tayari kama leo hakuna atakayemuuliza maswali.

Akanionyesha filta. Sikujua gari lina filta ya hewa ya ndani. Ilikuwa nyuma ya kile kisanduku kilicho mbele ya abiria. Imejaa majivu, imelegea, imeshikana kama mkate ulioloa. Kila kiyoyozi kikiwashwa, kasema, hewa inapita hapa kwanza.

Jumapili nilimwashia mwanangu kiyoyozi kwa mkono wangu mwenyewe. Nilimgeuzia na matundu yamwelekee usoni.

Jioni

Nimejaribu kusaidia. Nilimletea Bi Brashi kopo la rangi nyeupe kutoka dukani, ile ya kuzuia madoa, kwamba kabla ya kurudisha dari tuipake kwa upande wa ndani, kwa usalama. Alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akalitumia kuegemezea geti lisipigwe na upepo. Mama mkwe akasema neno, wakacheka wote wawili. Nasikia walikuwa hawajacheka pamoja tangu mwaka juzi. Basi nimefaa kwa jambo moja.

Nyumbani binti yangu anapanga vitu. Sanduku la chuma, ndoo, mashuka, godoro jipya ambalo amenunuliwa na nani? Na mdogo wangu. Akaniuliza kama gari litarudi kesho. Nikasema litarudi. Akasema hata lisiporudi nisiwe na wasiwasi, Baba Mdogo kasema... Nikamkatiza. Nikasema litarudi.

Nilitoka nje nikasimama pale linapoegeshwa. Pana doa la oili tu. Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi kwa ajili ya kitu kinachoendeshwa.

Ijumaa, 9 Agosti. Saa kumi na moja

Naandika nikiwa ndani ya gari! Ndani ya gari!

Nilifika saa tisa. Lilikuwa limesimama juani, vioo vimefungwa, kila kitu kimerudi mahali pake. Bi Brashi alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, vidole vimekunjamana kwa maji. Saa ikatimia. Mama mkwe akaweka kando kitambaa chake, akajongea taratibu, akaingia, mlango ukafungwa. Tukamwona kupitia kioo. Ananusa kiti. Ananusa mkanda, wote, akiuvuta kama anapima nguo. Akafungua kile kisanduku cha mbele akaingiza pua. Dakika tano. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa mtu nisiyemjua aliyekuja kuosha pikipiki.

Akatoka. Akajipangusa sketi. Akasema, "Hakuna kitu."

Kisha, akiwa ameshatupa mgongo kuelekea kiti chake, akaongeza: "Umesafisha."

Bi Brashi akaingia nyuma ya mabati. Alikaa huko muda. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akanipa ufunguo na kunirudia sharti lake: chochote. Nikaapa. Nikaapa kwa marehemu shangazi zangu wote wawili.

Nyumbani binti yangu akaingia, akafunga mlango, akapandisha kioo. Tukasubiri, mimi na mke wangu, tumesimama kama watu waliopeleka mtoto kwenye mtihani. Dakika kumi. Ishirini. Nusu saa! Akashusha kioo akasema, "Baba, hakuna harufu yoyote. Ni hewa tu." Akacheka. Akauliza tuondoke saa ngapi, na kama anaweza kuchagua redio. Nilijifanya nakagua tairi la nyuma kwa sababu uso wangu haukuwa wa kuonyeshwa watu.

Mdogo wangu akaja, akanusa, akanishika mkono. Hongera, Kaka, kasema, halina harufu hata chembe. Kesho yeye atatufuata na mizigo na shemeji yake, yaani mke wangu. Binti atapanda kwangu. Mwenyewe kasema. Mbele ya mashahidi.

Saa kumi na mbili na nusu

Bado niko garini. Wengine wameingia ndani.

Nimekuwa nikifikiri. Ni hewa tu. Halina harufu hata chembe. Hakuna kitu. Watu watatu, na wote wanasifu kwa kutaja kisichokuwepo. Siku tatu za kazi, na harufu yake ni hakuna? Chumba kikipakwa rangi mpya, mtu anaingia na kusema, ah, rangi mpya. Jirani wa mbele amepita sasa hivi, kaingiza kichwa, kasalimia, kaondoka. Hakuona tofauti yoyote! Ningekuwa mgeni nisingejua kama gari hili limesafishwa au limesahauliwa.

Kesho kwenye uwanja wa chuo kutakuwa na wazazi na magari yao. Binti yangu atashuka kwenye hewa tu?

Dukani tuna makopo ya manukato ya kupulizia, ya waridi, wakala hutuachia ya majaribio. Nilikuwa nalo moja kwenye mkoba, kwa bahati. Bi Brashi alikuwa anazungumzia watu wasio na kiasi. Mimi nitapuliza nukta moja tu, chini, kwenye zulia, iwe kama salamu.

Nimepuliza. Sikusikia kitu. Mafua. Nikapuliza na viti, kidogo. Bado. Nikapuliza dari, na ile filta mpya aliyoiweka Bi Brashi, kwa sababu ndiyo inayosambaza. Nikaacha nilipoona kopo limekuwa jepesi.

Nimefunga vioo vyote ili itulie. Kesho itakuwa siku nzuri.

Jumamosi, 10 Agosti

Yuko salama. Naandika hilo kwanza. Yuko chuoni, amepimwa na muuguzi wa zamu, kifua kimetulia.

Tuliondoka saa moja asubuhi. Nilivaa suti. Alivaa shati jeupe jipya, akaniweka sawa kola, akasema leo Baba umependeza. Akaingia mbele. Nikafunga mlango wake mimi mwenyewe, nikazunguka, nikakaa, nikawasha gari na kiyoyozi.

Nilimwona amejua. Aligeuka akanitazama, jicho moja tu la haraka, halafu akatazama mbele. Akashusha kioo, akatoa uso nje kidogo kama anayefurahia upepo. Nikamuuliza kama yuko sawa. Akatikisa kichwa kukubali. Nikamwambia kuhusu siku aliyozaliwa, jinsi nilivyokaa nyuma na mkoba. Akatikisa kichwa tena. Nilidhani anaguswa na hadithi.

Tulipofika njia panda nikasikia kifua chake. Kile kifilimbi. Nakijua kile kifilimbi kuliko ninavyoijua sauti yangu. Alikuwa amekivumilia tangu getini, mtaa mzima, ili mimi niendeshe.

Nikasimamisha gari. Inhela mara ya kwanza, ya pili. Mdogo wangu alishafika mbio, mke wangu nyuma yake, wakamtoa, wakamkalisha kwenye ubao mbele ya duka lililofungwa. Mdogo wangu alimshika mgongo na kumhesabia pumzi kwa sauti ile ile ya upole, na nilimshukuru Mungu kwa sauti ile. Nilisimama na suti yangu. Nikitaka kusogea, mke wangu alininyooshea kiganja. Sikuelewa, hadi aliponiambia nanuka waridi kutoka hapa hadi kule.

Alipotulia hapakuwa na mjadala. Binti akapanda kwa mdogo wangu na mama yake. Ili apate nafasi ya kukaa, mizigo ikahamia kwangu. Sanduku, ndoo. Godoro nililiweka kiti cha mbele nikalifunga mkanda. Saa nne nimeendesha nikitazama nyuma ya gari jeupe, na kando yangu godoro. Nilimwambia godoro samahani. Nadhani ilikuwa karibu na daraja la pili.

Chuoni godoro likakataliwa bwenini. Wamelianika kwenye ua, mbele ya wanafunzi wote wapya, wanapita wananusa na kuuliza ni la nani. Kutia kitumbua mchanga ni hivyo, kasema mke wangu, tena mchanga wa kununua.

Wakati wa kuagana binti yangu alimkumbatia mama yake, akamkumbatia baba yake mdogo. Akaja kwangu. Alisimama hatua moja mbele yangu, akavuta pumzi nyingi, akaibana, ndipo akanikumbatia. Alinibana kwa nguvu. Nilihesabu. Alikaa mpaka kumi na mbili kabla hajalazimika kuniachia.

Nimerudi peke yangu. Mke wangu alipanda plastiki.

Jumapili, 11 Agosti

Nyumba imenyamaza. Nimepeleka chai mlangoni mwa chumba chake kwa mazoea, nikairudisha.

Nimempigia Bi Brashi. Nilikiri kila kitu. Nikasikia brashi inaendelea. Kisha akasema lirudishwe Jumatatu, siku tatu, aanze upya, na mara hii ufunguo ataukabidhi kwa mke wangu. Mama mkwe akasikika kwa nyuma akisema alilijua tangu alipoviona viatu.

Mke wangu kasema kwa sasa hana nguvu za kugomba. Kasema tu sikio la kufa halisikii dawa, na pua vile vile, akaenda kulala mchana.

Saa nane ujumbe ukaingia. Binti yangu! Anasema kifua kizuri, chakula kizuri, wenzake chumbani ni watu wema. Godoro bado liko kwenye ua, ameazimwa jingine. Anasema jana alifurahi kuwa nami hadi njia panda. Anasema likizo ni Desemba, na angependa mimi ndiye nimfuate, ila tafadhali, Baba, safari ijayo hewa tu.

Nimeusoma mara tisa. Mimi ndiye nimfuate! Kaandika mwenyewe!

Desemba ni miezi minne. Nina muda wa kutosha wa kulitoa waridi, bila siku tatu za watu wengine na masharti yao. Nimelitafakari suala hili kwa utulivu. Nimetembea hadi kwenye duka la kituo cha mafuta, nikasoma maandishi ya nyuma ya kila kopo, na nimepata. Limau. Limeandikwa wazi kwamba linaondoa harufu zote na kuacha hewa safi. Hewa! Neno lile lile alilolitumia!

Nimekaa garini, vioo vimefungwa. Nimepuliza kidogo, chini, kwenye zulia.

Sijasikia kitu.

Nimepuliza tena.